Fushia za Mwituni: Tuanze na Mrija

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wapenda mimea wenzangu.

Mbele ya kila mmoja wenu pamewekwa ua moja la fushia na wembe mdogo. Msihangaike kulinusa, halina harufu ya kutajika. Leo tunalipasua. Najua wapo wanaoona vibaya kuliharibu ua zuri namna hii, nami nawaomba radhi, ila sijui njia bora ya kuwajulisha fushia za mwituni. Anayeanza na majina ya Kilatini huchoka kabla hajafika spishi ya kumi. Anayeanza na ua mkononi, akajua kila kiungo kimekaa wapi, spishi zilizobaki humjia kwa wepesi, maana zote zimejengwa kwa mpango mmoja.

Anzeni pale ua linaposhikana na kikonyo. Kuna uvimbe mdogo, mara nyingi wa kijani. Hiyo ndiyo ovari, na angalieni ilivyokaa: iko chini ya sehemu zote nyingine za ua. Ikateni katikati mtaona vyumba vinne, na ndani yake ovuli, yaani chembe zitakazokuwa mbegu, zimejipanga. Humo ndimo litakamotoka tunda.

Juu ya ovari unaanza mrija. Wengi hudhani mrija huu ni petali zilizoungana. Sivyo. Ni kitako cha ua kilichorefuka kikawa bomba, na juu ya ukingo wake zikasimama sepali, petali na stameni. Pasueni bomba hilo kwa urefu. Chini kabisa, kandokando ya kijiti kilichosimama katikati, kuna tezi zinazotoa mbochi, yale maji matamu yanayofuatwa na ndege. Pimeni kwa macho umbali kutoka mdomo wa mrija hadi kwenye tezi hizo. Tafadhali mkumbuke umbali huo, kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayosema jioni hii inatoka hapo.

Sasa sehemu za juu. Zile nne nene zilizojikunja nyuma, zenye rangi nyekundu au ya waridi, ni sepali. Katika maua mengi tuliyozoea sepali ni kijani na kazi yake ni kulinda tumba tu. Kwa fushia sepali ndizo zinazoita wageni. Ua likiwa bado tumba, kingo za sepali hushikana ubavu kwa ubavu bila kupandana, ndiyo maana ukilibonyeza kwa vidole hupasuka kwa mlio mdogo, mchezo ambao watoto huugundua wenyewe bila kufundishwa na mtu. Petali halisi ni zile nne za ndani, aghalabu za zambarau au nyekundu iliyokolea. Kisha stameni nane, vile vijiti vinavyotoa chavua, nne ndefu na nne fupi. Mwisho ni kile kijiti cha katikati kinachopita kote kwenye mrija na kuchomoza nje, kikiwa na kichwa kinachonata. Hicho kichwa ni stigma, mahali chavua inapopokelewa.

Guseni kichwa cha stameni kimoja kwa ncha ya wembe, kisha mvute polepole. Chavua haidondoki kama vumbi. Inavutika kwa nyuzi nyembamba sana zinazounganisha punje na punje. Familia yote ya Onagraceae, ambamo fushia imo, ina nyuzi hizi. Ndege mmoja akigusa stameni mara moja, huondoka na mkufu mzima wa punje.

Kwa hiyo hesabu ni sepali nne, petali nne, stameni nane, kijiti kimoja. Kama ua lako lina petali kumi na kitu, hilo ni la bustani, limechaguliwa na watu kizazi baada ya kizazi ili lijae. Mimi siyapendi maua hayo, na nasema hivi nikijua kwamba baadhi yenu mna mashada yake barazani. Yamejaa mno. Ukilitazama huwezi kujua lilikusudiwa nani.

Ndugu wa fushia katika familia hiyo, kama Epilobium na Oenothera, wengi wao huzaa vidonge vikavu vinavyopasuka na kumwaga mbegu. Fushia huzaa tunda laini lenye maji, linaloliwa na ndege, na kwa spishi kadhaa hata na watu. Na ndugu yake wa karibu kuliko wote ni mmea ambao kwa sura usingemdhania hata kidogo: Circaea, mmea mdogo wa sakafu ya misitu ya kaskazini, wenye sepali mbili, petali mbili, stameni mbili, na tunda lenye vijimiba vya kulabu vinavyonasa kwenye manyoya ya wanyama. Uchunguzi wa DNA ndio uliothibitisha undugu huo. Mmoja amewategemea ndege, mwingine amewategemea wapita njia.

Sasa ramani, na nitapita haraka. Fushia za mwituni ni takriban spishi 110, nazo wataalamu wamezigawa katika makundi 12. Zaidi ya nusu yake ziko katika kundi moja tu, kwenye milima ya Andes ya tropiki, kutoka Venezuela na Kolombia hadi Bolivia na kaskazini mwa Argentina. Nyingine ziko Meksiko na Amerika ya Kati, nyingine kusini-mashariki mwa Brazili, moja inashuka Chile na Argentina hadi Tierra del Fuego, chache ziko kisiwa cha Hispaniola. Halafu, upande wa pili wa Bahari ya Pasifiki, ziko tatu Nyuzilandi na moja Tahiti. Afrika, Asia na Ulaya hazina hata moja ya asili. Hao wa Nyuzilandi tutawarudia, maana ndio wanaowaumiza vichwa wataalamu.

Fushia ya kwanza kuandikwa na mwanabotania wa Ulaya ilitoka Hispaniola, mwishoni mwa karne ya 17. Aliyeiandika ni mtawa Mfaransa, Charles Plumier, aliyekuwa akikusanya mimea ya visiwa vya Karibi kwa amri ya Mfalme Louis wa 14. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1703, na mmea ule wenye majani matatu matatu kwenye kila kifundo akaupa jina la Leonhart Fuchs, tabibu na mwanabotania Mjerumani aliyefariki mwaka 1566. Fuchs hakuwahi kuiona fushia hata kavu. Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, alilipokea jina hilo mwaka 1753, na hadi leo spishi ile inaitwa Fuchsia triphylla. Ina maua ya rangi ya chungwa iliyoelekea nyekundu, mrija mrefu, petali fupi zilizojificha kati ya sepali.

Twende Andes. Fushia nyingi za huko huishi kati ya mita 1,500 na 3,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye misitu ya mawingu. Ni mahali pa baridi na unyevu, ukungu ukiingia na kutoka mchana kutwa. Nyuki hapendi hali hiyo; hewa ikipoa hukaa ndani. Lakini ndege ana joto lake mwenyewe mwilini na lazima ale kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mmea unaochanua katika msitu wa namna hiyo hupata faida kubwa ukimtegemea ndege.

Ndege mwenyewe ni kolibri. Kwa asiyemjua, mfikirie chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayenyonya maua, lakini kwa tofauti moja kubwa: chozi kwa kawaida hutua kwenye tawi ndipo anyonye, kolibri huning'inia hewani kwa kupiga mabawa mbele ya ua, bila kushika chochote. Tofauti hii ndiyo iliyochonga ua mlilolishika. Fushia ya Andes haina pa kutulia. Ua linaning'inia kwenye kikonyo kirefu, mdomo ukiangalia chini, sepali zimefunguka pembeni. Kwa kuwa limeinama, mvua haiingii kuuzimua mbochi. Kwa kuwa halina pa kukanyaga, wadudu wengi hushindwa kulitumia. Rangi nyekundu, ambayo ndege huiona vizuri na nyuki huiona kwa shida, inamaliza mwaliko. Na harufu ya nini, ikiwa mgeni anakuja kwa macho?

Sasa ule umbali niliowaomba mkumbuke. Urefu wa mrija unaamua ni mdomo wa nani utakaofika chini. Mrija mfupi huwapokea wengi. Mrija wa sentimita tano au sita huwachuja, wakabaki wenye midomo mirefu. Mgeni aliyechujwa hivyo ana faida kwa mmea, kwani ana sababu ya kutoka ua moja kwenda jingine la spishi ileile, badala ya kupoteza chavua kwenye maua yasiyohusika. Tazameni picha ya Fuchsia boliviana, ambayo asili yake ni kusini mwa Peru hadi kaskazini mwa Argentina. Ni kichaka kirefu kuliko mtu, na maua yake hushuka kwa vishada vizito vya mirija mirefu myekundu. Matunda yake ya zambarau iliyokolea huliwa na watu.

Penye hazina hapakosi mwizi. Katika milima hiyohiyo kuna ndege wa jenasi Diglossa, mwenye mdomo wenye ncha ya ndoano. Hajisumbui na mdomo wa mrija. Hushika bomba kwa ile ndoano karibu na kitako, hulitoboa, akanywa mbochi kwa tundu la pembeni, akaondoka bila kugusa stameni wala stigma. Ukikuta ua la fushia lina kitundu karibu na kitako cha mrija, ujue alipita yeye au mwingine mwenye tabia yake.

Kundi linalonivutia kuliko yote ya Andes linaitwa Hemsleyella, lenye spishi kama 15. Hizi zimeacha petali kabisa. Ukitafuta ile safu ya ndani ya ua huipati. Kuna mrija, sepali nne, na stameni nane. Badala ya petali zimerefusha mrija, na katika baadhi ya spishi, kama Fuchsia apetala, mrija hupita sentimita 10. Nyingi huota juu ya matawi ya miti mingine au kwenye miamba, mahali ambapo maji hukauka upesi, hivyo zina viazi vinene kwenye mizizi au shina vya kuweka akiba. Kiangazi kikifika hupukutisha majani yote, na hapohapo ndipo huchanua. Fikirini tawi tupu kabisa, limefunikwa na kuvu na ukungu, halafu linatoa mirija mirefu ya waridi isiyo na jani hata moja kuisindikiza. Wakusanyaji wa mimea walizipita bila kuziona kwa sababu hiyo: msimu wa majani hakuna ua, na msimu wa maua mmea uko juu mno mtini.

Nikiulizwa kwa nini petali zimeweza kuachwa, jibu langu ni kwamba zilikuwa na kazi ndogo tangu mwanzo. Sepali zinaita, mrija unalisha na kuchuja, stameni zinapaka. Katika spishi nyingi za Andes petali ni fupi kuliko sepali. Ni kiungo kilichokuwa njiani kuondoka.

Meksiko na Amerika ya Kati mambo yamegeuka kwa njia nyingine. Kuna kundi liitwalo Encliandra, vichaka vyenye majani madogo na maua madogo mno, mengine hayafiki urefu wa kucha ya kidole gumba. Stameni nne kati ya nane zimejikunja na kurudi ndani ya mrija. Fuchsia microphylla na Fuchsia thymifolia ziko humo. Hapa kolibri wapo, lakini hata nyuki na wadudu wengine wana nafasi, kwa sababu mrija ni mfupi. Zaidi ya hapo, kundi hili limetenganisha jinsia: kuna mimea yenye maua yasiyotoa chavua, huzaa matunda tu, na mingine inayotoa chavua. Ukipanda mmoja peke yake ukashangaa mbona hauzai, kagua stameni kabla ya kulaumu udongo.

Huko huko Meksiko iko Fuchsia arborescens, ambayo huwa mti mdogo, na maua yake yamesimama wima kwenye shada kubwa la zambarau nyepesi mwishoni mwa tawi. Asiyeambiwa hawezi kusema ni fushia. Lakini pasueni kimoja cha vile viua: nne, nne, nane, moja.

Pwani kavu ya Chile ya kati inayo Fuchsia lycioides, na huyu anastahili dakika moja. Fushia nyingi hupenda unyevu. Yeye huvumilia kiangazi kirefu kwa kudondosha majani, na vitako vya vikonyo vikabaki kwenye tawi vikiwa vigumu, vyenye ncha, karibu kuwa miiba.

Kundi la Brazili, Quelusia, ndilo lililowapa watu picha ya fushia waliyo nayo vichwani. Sepali ni ndefu kuliko mrija na zimeshikana kwenye kitako, petali za zambarau zimejiviringisha zikazunguka stameni, na stameni zenyewe zinatoka nje kwa urefu. Wengi wa kundi hili hupanda juu ya miti mingine. Fuchsia regia hufika vileleni mwa msitu. Mmoja wao, Fuchsia magellanica, ameondoka peke yake akaenda kusini kwenye upepo na theluji. Wamapuche wa Chile humwita chilco. Huota kando ya vijito na kwenye kingo za misitu hadi Tierra del Fuego, na mchavushaji wake mkuu ni kolibri wa kusini, Sephanoides sephaniodes, ambaye dume lake lina paji la uso lenye mng'ao mwekundu. Kwa sababu ya uvumilivu wake wa baridi, chilco ndiye mzazi wa fushia nyingi za bustani zinazostahimili majira ya baridi. Magharibi mwa Ayalandi imekuwa uzio wa mashamba, na imetoroka ikaota yenyewe kando ya barabara. Ayalandi wanaifurahia. Kisiwani Réunion, ambako hii na Fuchsia boliviana zimeingia misituni, habari ni nyingine. Huko ni magugu yanayosumbua mimea ya asili. Tunda laini linalobebwa na ndege halichagui mahali pa kupandwa.

Fuchsia magellanica ilichanganywa kwa muda mrefu na Fuchsia coccinea ya Brazili, na kwa miaka mingi bustani za Ulaya ziliuza moja kwa jina la nyingine. Angalieni kikonyo cha jani. Kwa coccinea ni kifupi mno, jani karibu limekaa juu ya tawi lenyewe. Kwa magellanica kikonyo kinaonekana wazi.

Sasa tuvuke bahari. Nyuzilandi hakuna kolibri, na hapo ndipo fushia zinapoanza kufanya mambo ya ajabu.

Fuchsia excorticata, ambayo Wamaori huiita kōtukutuku, ndiyo fushia kubwa kuliko zote. Ni mti hasa, unaofika mita 12 na zaidi, wenye shina nene lililopinda. Gome lake ni jembamba kama karatasi, la rangi ya kahawia ya chungwa, linajichubua lenyewe vipande vipande vikaning'inia. Mbao zake hushika moto kwa shida sana, hata walowezi wa Kizungu wakaupa mti huu jina la utani la ndoo ya maji. Majani yake yamekaa moja moja kwa kupishana kwenye tawi, tofauti na fushia nyingi za Amerika ambazo majani yake hukabiliana mawili mawili au huzunguka kifundo matatu au zaidi. Upande wa chini jani lina weupe wa fedha. Na majira ya baridi mti huu hupukutisha majani, tabia adimu sana kati ya miti ya asili ya nchi hiyo.

Maua huanza kutoka kabla ya majani mapya, mengi yakichipuka moja kwa moja kwenye matawi makubwa na hata kwenye shina. Linapofunguka ua ni la kijani lenye madoa ya zambarau, na mbochi upo. Baada ya siku kadhaa linageuka jekundu, na mbochi unakoma. Ndege wa huko, tui na korimako, ambao hutua ndipo wanywe, wamekwisha kulijua jambo hilo. Huenda kwenye maua ya kijani na kuyaacha mekundu.

Swali likawa: kama ua jekundu halina kitu, kwa nini mti usilidondoshe? Wengi walidhani ua jekundu hubaki ili mti uonekane kwa mbali. Mwaka 1989 wanasayansi Lynda Delph na Curtis Lively walichapisha majaribio yao, na jibu likawa la kawaida zaidi, nami nalipenda kwa sababu hiyo. Chavua ikitua kwenye stigma, kila punje huotesha mrija mwembamba unaoshuka ndani ya kijiti hadi kwenye ovari. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Ua likidondoshwa mapema, njia inakatwa kabla mbegu hazijatungwa. Kwa hiyo mti unalishikilia ua, ila unazima mbochi na kubadili rangi ili ndege wasiharibu muda wao, wala mti usipoteze sukari yake.

Katika msitu huohuo kuna miti ya kōtukutuku yenye maua yaliyokamilika, na mingine yenye maua ya kike tu, ambayo stameni zake zimesinyaa hazina chavua. Chavua yenyewe ni ya bluu. Si bluu ya kubahatisha, ni bluu hasa, na Wamaori waliitumia kujipamba nyuso. Tunda, wanaloliita kōnini, ni la zambarau iliyokaribia weusi, tamu, nalo lililiwa na watu na ndege sawia. Adui mkubwa wa mti huu leo ni posamu, mnyama mwenye mfuko aliyeletwa kutoka Australia katika karne ya 19 kwa ajili ya biashara ya manyoya. Anaipenda fushia kuliko miti mingi, na akiukomalia mti mmoja, akaurudia usiku hadi usiku na kula kila chipukizi, mti hufa.

Ndugu yake wa pwani, Fuchsia procumbens, ni kinyume chake kwa kila kitu. Hutambaa juu ya mchanga na mawe kaskazini mwa Kisiwa cha Kaskazini, karibu kabisa na bahari, kwa mashina membamba na majani madogo ya mviringo. Maua yake yanaangalia juu. Hayana petali. Mrija ni wa njano, sepali zimekunjwa nyuma zikiwa na kijani na zambarau, na vichwa vya stameni vimejaa ile chavua ya bluu. Kwa mmea mdogo hivyo tunda lake ni kubwa, jekundu, likilala mchangani. Porini ni adimu.

Mseto nao upo. Fuchsia perscandens, ya tatu ya Nyuzilandi, ambayo hupanda juu ya mimea mingine, huzaliana na kōtukutuku zikikutana, na watoto wao wana jina lao, Fuchsia × colensoi. Anayetembea huko na kitabu cha utambuzi huona mimea ambayo haikai upande huu wala ule.

Fushia ilifikaje huko? Johann na Georg Forster, waliosafiri na Kapteni Cook, hawakuitambua hata kuwa ni fushia; mwaka 1776 waliipa kōtukutuku jenasi yake peke yake, Skinnera, jina ambalo leo limebaki kwenye kundi lake ndani ya fushia. Maelezo ya kurahisisha mambo yangekuwa kwamba ndege alivuka na mbegu tumboni kutoka Amerika, hivi karibuni. Ushahidi haukubaliani na neno hivi karibuni. Chavua ya fushia ya kale imepatikana kwenye miamba ya Australia, bara ambalo leo halina fushia ya asili hata moja. Na huko Otago, Nyuzilandi, kwenye matope magumu ya ziwa la kale liitwalo Foulden Maar, limepatikana ua zima la fushia lililogeuka kisukuku, la miaka karibu milioni 23 iliyopita. Lilielezwa rasmi mwaka 2013 kwa jina Fuchsia antiqua, na linafanana na jamaa za kōtukutuku kiasi cha kutambulika kwa macho. Utafiti wa DNA ulioongozwa na Paul Berry, uliochapishwa mwaka 2004, nao uliweka mgawanyiko kati ya tawi la Pasifiki na matawi ya Amerika miaka takriban milioni 30 nyuma. Kwa hiyo fushia za Nyuzilandi ni tawi la zamani, na Andes, pamoja na wingi wake wote wa spishi, ndiyo iliyozaa kwa kasi baadaye, milima ilipoinuka na kolibri walipoongezeka.

Namalizia na jambo la wale mnaotaka kuzipanda, kwa kuwa karatasi za maswali tayari zimejaa kuhusu hilo.

Kuna mdudu mdogo wa jamii ya kupe, asiyeonekana kwa jicho tupu, Aculops fuchsiae, aliyeelezwa mara ya kwanza huko Brazili mwaka 1972. Mwaka 1981 alionekana Kalifornia, na baadaye akafika Ulaya. Akiingia kwenye ncha ya tawi, majani machanga na matumba hujikunja, huvimba na kuwa mekundu yasiyo na umbo, na mmea huacha kuchanua. Chilco na mahuluti yake mengi huathirika vibaya. Kinyume chake, baadhi ya spishi za mwituni, zikiwemo kadhaa za lile kundi la maua madogo la Meksiko, humvumilia vizuri, na wazalishaji sasa wanazirudia spishi hizo kutafuta damu yenye nguvu. Mimea iliyodharauliwa kwa udogo wa maua imeanza kutafutwa.

Msipande mbegu mkitegemea kupata spishi safi. Fushia mbili za spishi tofauti zikikaa kwenye bustani moja, ndege na nyuki watazichanganya, na mbegu itazaa kitu kingine. Chukueni vipandikizi: ncha ya tawi isiyo na maua, ikatwe chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yaondolewe, iwekwe kwenye mchanganyiko mwepesi wenye unyevu na kivuli. Na mkipewa kipandikizi cha spishi ya mwituni, ulizeni kilichukuliwa wapi: mlima gani, nchi gani, urefu gani kutoka usawa wa bahari. Andikeni hayo kwenye kibandiko pamoja na jina. Jina linaweza kubadilishwa na wataalamu mwaka ujao, lakini mahali mmea ulipotoka hapabadiliki, na mtafiti anayetaka kujua kama mmea wako ni regia halisi au mseto wa bustani ataanza na hiyo habari.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali. Walioshindwa kupata tezi za mbochi kwenye ua lao, waje hapa mbele, nina kioo cha kukuza.